Namna ya Kuchagua Ufunguzi wa Sataranji kwa Mchezaji Anayeanza

Kila Jumamosi alasiri, tunapokunjua mbao zetu katika ukumbi tunaoazimwa hapa Kisumu, na kwa kawaida kabla mvua haijaanza kupiga mabati, swali la kwanza ninaloulizwa na wageni ni lile lile: "Mwalimu, nianze na ufunguzi gani?" Wanaouliza ni wa kila namna. Yupo mwanafunzi wa sekondari kutoka Maseno mwenye daftari lililojaa hatua alizozinakili kwenye simu, yupo mwendesha bodaboda wa Kondele ambaye kijiweni kwake hakuna anayemweza katika drafti, na yupo mama mwenye duka ambaye mwanawe amemfunga mara sita mfululizo na sasa anataka kulipiza. Jibu langu huwakera kidogo, kwa sababu nami huwauliza swali: hebu niambie kwanza, wewe huwa unashindwaje?

Mwongozo huu unafuata swali hilo. Anayeanza sataranji, ambayo wengi wetu huiita chesi tu, hahitaji ufunguzi, yaani mpangilio wa hatua za kwanza za mchezo, unaosifiwa kuliko mingine. Anahitaji ule anaoweza kuueleza kwa maneno yake mwenyewe, kete moja baada ya nyingine, kwamba hii imekwenda pale kwa sababu hii. Kwa kiasi cha kutosha kwa mwaka mzima, utahitaji ufunguzi mmoja wa kete nyeupe na majibu mawili ya kete nyeusi, na si zaidi ya hapo.

Kuhusu maneno nitakayoyatumia: kete ni mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari. Miraba hutajwa kwa herufi a hadi h, kutoka kushoto kwenda kulia kwa anayecheza nyeupe, na kwa namba 1 hadi 8 kutoka upande wake kuelekea kwa mpinzani, kwa hiyo "farasi f3" maana yake ni kwamba farasi amekwenda mraba wa f3. Kwenye karatasi ya mashindano utaandika herufi za kimataifa, yaani K kwa mfalme, Q kwa malkia, R kwa ngome, B kwa askofu na N kwa farasi, na askari hatajwi kwa herufi yoyote ila mraba wake tu. Nikisema "kumsitiri mfalme" nina maana ya ile hatua ambayo mfalme husogea miraba miwili kuelekea ngome, nayo ngome ikamruka na kukaa ubavuni mwake. Cheki ni shambulio juu ya mfalme, na chekimeti ni cheki ambayo mfalme hawezi kuiepuka, nayo humaliza mchezo.

1. Andika michezo kumi kabla ya kuchagua chochote

Cheza michezo kumi ambayo kila mchezaji ana dakika kumi na tano au zaidi, na uiandike yote. Michezo ya dakika tatu haifai kwa kazi hii, maana ndani yake mtu hushindwa na saa kabla hajashindwa na mpinzani. Ukimaliza, rudia kila mchezo ulioshindwa na utafute hatua moja tu, ile ambayo baada yake mambo yaliharibika, kisha uandike namba yake pembeni.

Ikiwa namba nyingi zimepita 15, na sababu ni kwamba uliacha ngome ikaliwa bure au hukuona farasi akishambulia kete mbili kwa pamoja, ufunguzi si ugonjwa wako wala hautakuwa dawa yake. Tumia muda wako kufumbua mafumbo ya kula kete na ya chekimeti ya hatua mbili, na kwa upande wa ufunguzi chukua chochote nilichokieleza hapa chini bila kujisumbua. Ikiwa namba nyingi ziko kati ya 4 na 12, angalia mfalme wako alikuwa wapi wakati huo na ni kete ngapi zilikuwa bado hazijatoka nyumbani. Mara nyingi utakuta mfalme yuko e1 au e8 alikozaliwa, maaskofu wote wawili wamelala, na malkia amekwisha kusogea mara nne. Huyo ndiye mchezaji ambaye ufunguzi mzuri utamfaa upesi.

Kuna kundi la tatu ambalo huku kwetu ni kubwa, nalo ni la watu waliokulia katika drafti ya vizibo vya soda. Katika drafti kula ni lazima, na mchezaji hodari ni yule anayejua kumlazimisha mwenzake ale mahali pabaya. Katika sataranji kula ni hiari, isipokuwa pale ambapo hakuna hatua nyingine halali, lakini mkono uliozoea drafti miaka kumi haukumbuki hilo. Nimewaona wakila kila askari anayetolewa, mmoja baada ya mwingine, huku kete za mpinzani zikitoka na kumzunguka mfalme wao. Kwa upande mwingine, watu hao hao huhesabu hatua za mbele kwa wepesi unaowashangaza wanafunzi wangu wengine. Kwa hiyo mtu wa drafti namshauri aanze na aina za ufunguzi ambazo hazimtegi kwa askari wa bure, na aweke sharti moja juu ya kiti chake: kabla ya kula, ataje kwanza hatua nyingine moja ambayo angeweza kuicheza.

2. Ujue ufunguzi una kazi gani

Hapa sitakawia. Mwenye kete nyeupe ana hatua 20 halali za kuanzia, 16 za askari na 4 za farasi, na mpinzani wake naye ana 20 za kumjibu, kwa hiyo baada ya kila mmoja kucheza mara moja tu kunaweza kutokea hali 400 tofauti ubaoni. Hakuna kichwa cha kukariri yanayofuata. Kinachowezekana ni kushika kazi tatu: kuwa na askari au nguvu katika miraba minne ya katikati, yaani d4, e4, d5 na e5, kuzitoa kete nyumbani bila kuisogeza moja mara mbili pasipo sababu, na kumsitiri mfalme mapema. Farasi aliyeko f3 hutazama miraba minane, ilhali aliyeko h3 hutazama minne tu, na hesabu hiyo ndogo hueleza nusu ya yale ambayo vitabu vya ufunguzi husema kwa kurasa nyingi.

3. Chagua ufunguzi mmoja wa kete nyeupe

Pendekezo langu kwa wengi ni Ufunguzi wa Kiitaliano. Ni wa kale, kwani unapatikana katika michezo iliyoandikwa na Gioachino Greco, Mwitalia wa karne ya 17, na bado haujachakaa, kwa maana hata Magnus Carlsen, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, ameucheza katika mashindano makubwa. Sababu ya kuupendekeza, hata hivyo, si umaarufu. Naupendekeza kwa kuwa kila hatua yake ina sababu ambayo mtoto wa miaka tisa anaweza kuirudia.

Unaanza na askari e4, ambaye anashika katikati na wakati huo huo kumfungulia njia askofu na malkia. Mpinzani akijibu askari e5, unacheza farasi f3, na farasi huyo anamshambulia askari wa e5 papo hapo, kwa hiyo mpinzani hana nafasi ya kufanya apendalo. Akimlinda kwa farasi c6, unacheza askofu c4. Sasa tazama askofu wako anaelekea wapi kwa mshazari: f7, mraba ambao mwanzoni mwa mchezo unalindwa na mfalme peke yake. Humshambulii leo, ila umeweka jicho. Mpinzani akiiga kwa askofu c5, unacheza askari c3, na hii ndiyo hatua ambayo wanaokariri hushindwa kuieleza. Inatayarisha askari d4 siku za mbele, na pia inamwachia askofu wako kimbilio la c2 akifukuzwa. Baada ya farasi wake kutoka f6, unacheza askari d3 kumlinda askari wa e4, unamsitiri mfalme, unaipeleka ngome e1, na farasi wa pili anapitia d2 na f1 hadi g3. Safari hiyo ya farasi huonekana ndefu, lakini katikati ikiwa imetulia unao muda wa kuifanya.

Wapo watakaokuambia ucheze askari d4 mara moja badala ya d3. Si kosa, ila unafungua katikati wakati mfalme wako bado hajasitiriwa, na askofu wa Nyeusi atakupa cheki kutoka b4 kabla hujajipanga. Iache hadi michezo yako thelathini ya kwanza iishe.

Bila shaka si kila mpinzani atajibu e5. Akicheza askari c5, ambao ni Ufunguzi wa Kisisilia, jibu askari c3 kwa nia ya kufuatisha d4. Akicheza e6, ambao ni wa Kifaransa na ulipata jina lake kutokana na mchezo wa barua kati ya Paris na London mwaka 1834, cheza d4, naye akileta d5 mle, kisha utoe kete zako kama kawaida. Akicheza c6 fanya vivyo hivyo. Akileta d5 papo hapo, mle, na malkia wake akirudisha kwa kula, farasi c3 atamfukuza huku wewe ukiwa umetoa kete bure. Kwa sasa usiongeze kitu juu ya hayo.

Njia ya pili ni Mfumo wa London, uliopewa jina la mashindano ya London ya mwaka 1922. Unaanza na askari d4, askofu f4, askari e3, farasi f3, askofu d3, askari c3 na farasi wa pili d2, na umbo hilo hubaki karibu lile lile hata mpinzani acheze nini. Kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kucheza e3 kabla ya kumtoa askofu wa c1, kwa sababu hapo umemfungia ndani kwa mkono wako mwenyewe. La pili ni kusahau askari wa b2 baada ya askofu huyo kuondoka. Nyeusi akicheza c5 na malkia b6, askari huyo yuko hatarini, na jibu la kawaida, ukiwa umekwisha kucheza c3, ni kumleta malkia wako b3 wakabiliane.

Nitasema wazi ninavyouona mfumo huu. Kwa mtu mzima mwenye kazi, anayecheza mara moja kwa juma na asiye na muda wa daftari, London ni chaguo la busara. Kwa mtoto aliye chini ya miaka kumi na nne sipendi kuufundisha, kwa sababu nimewaona wakijenga umbo lile kwa hatua saba bila kumtazama mpinzani hata mara moja, na mpinzani akiacha kete bure katika hatua ya tano hawaioni, maana macho yao yako kwenye hatua ya sita.

4. Chagua jibu la kete nyeusi dhidi ya e4

Anayeanza atakutana na e4 mara nyingi kuliko hatua nyingine yoyote, kwa hiyo hapa ndipo pa kuweka nguvu. Ushauri wangu wa kwanza ni kujibu e5, na si kwa sababu ni rahisi. Ni kwa sababu utafundishwa kila kosa la msingi mapema, wakati bado kushindwa hakukugharimu kitu.

Kosa la kwanza utakalofundishwa ni lile la malkia wa haraka. Mpinzani anacheza malkia h5 katika hatua ya pili, na askari wako wa e5 yuko hatarini. Wageni wengi humfukuza mara moja kwa askari g6, na malkia humla askari wa e5 kwa cheki huku akitazama ngome ya h8, ambayo nayo huliwa. Hatua sahihi ni farasi c6 kwanza, kumlinda e5. Mpinzani ataleta askofu c4, na sasa malkia na askofu wote wanaelekea f7. Hapa ukicheza farasi f6 kwa pupa, atakufunga kwa kula f7 na mchezo umekwisha katika hatua ya nne. Sasa ndipo wakati wa askari g6. Malkia akirudi f3, akitishia f7 tena, unamziba kwa farasi f6. Hesabu hali ilivyo: wewe umetoa farasi wawili, naye malkia wake ameukalia mraba ambao farasi wake angeutaka. Mtoto akishaiona hesabu hiyo hamwogopi tena malkia wa h5, na baada ya juma moja au mawili waliokuwa wakimtishia nao huacha.

Kosa la pili ni gumu zaidi. Baada ya e4 e5, farasi f3 farasi c6, askofu c4, wewe ukicheza farasi f6, mpinzani anaweza kuruka farasi g5 na kushambulia f7 kwa kete mbili. Jibu ni askari d5, kumzibia askofu njia. Nyeupe atamla askari huyo kwa askari wa e4, na hapa mkono wa mtu wa drafti hutetemeka, kwa sababu kula kwa farasi d5 kunaonekana ni haki yake. Usile. Nyeupe atajitolea farasi kwenye f7, mfalme wako atalazimika kumla, malkia f3 atampa cheki, na ukitaka kumwokoa farasi wa d5 itabidi mfalme atembee hadi e6, katikati ya ubao, kete zako zikiwa bado nyumbani. Badala yake cheza farasi a5, umshambulie askofu. Utakuwa umepoteza askari mmoja, lakini kete zako zitatoka upesi kuliko zake. Asiyetaka ghasia hizo kabisa ajibu askofu c4 kwa askofu c5, na farasi g5 hatakuwa tishio, kwani malkia wa d8 anamtazama na atamla bure.

Kosa la tatu ni la kuiga. Wengine huamua kwamba wakinakili kila hatua ya Nyeupe hawataweza kushindwa. Tazama: e4 e5, farasi f3 farasi f6, farasi anamla e5, na mwigaji naye anamla e4 kwa farasi wake. Nyeupe anacheza malkia e2. Mwigaji anamwondoa farasi wake kurudi f6, na farasi wa Nyeupe anaruka kutoka e5 hadi c6: malkia wa e2 anatoa cheki, na farasi huyo huyo anamshambulia malkia wa d8. Malkia amekwenda.

Ikiwa baada ya michezo ishirini bado unaona e5 inakuchosha, au daftari linaonyesha kwamba unafungwa mapema licha ya kujua hayo yote, hamia Ulinzi wa Caro-Kann, ambao ulipewa majina ya Horatio Caro na Marcus Kann walioufanyia uchambuzi mwaka 1886. Unajibu e4 kwa askari c6, na Nyeupe akicheza d4 unaleta d5. Askari wa c6 yuko hapo kwa kazi moja, kumlinda mwenzake wa d5, ili akiliwa urudishe kwa askari na si kwa malkia. Raha ya ulinzi huu ni askofu wa c8: Nyeupe akisukuma e5, askofu wako anatoka f5 kabla hujafunga mlango kwa e6. Nyeupe akicheza farasi c3 badala yake, mle askari wa e4, na farasi akirudisha, askofu f5 anamshambulia. Akikimbilia g3 naye askofu anarudi g6. Ogopa jambo moja tu. Ukiamua kucheza farasi d7 badala ya askofu f5, na Nyeupe akaleta malkia e2, usimtoe farasi wa pili f6, kwa kuwa farasi wa Nyeupe ataruka d6 na kukufunga. Askari wako wa e7 hawezi kumla, kwa sababu akiondoka malkia wa e2 atamfikia mfalme.

5. Chagua jibu la kete nyeusi dhidi ya d4

Hapa mambo ni mepesi zaidi. Jibu d4 kwa d5, kisha e6, farasi f6, askofu e7, msitiri mfalme, na baadaye utafute nafasi ya kusukuma c5 ili usonge katikati. Mpangilio huu unafaa dhidi ya London na pia dhidi ya Gambiti ya Malkia, ambamo Nyeupe hucheza c4 katika hatua ya pili na kukutolea askari huyo. Ukimla si kosa, mradi usijaribu kumshikilia: baada ya e3, ukicheza b5 kumlinda, Nyeupe ataleta a4, ukisogeza c6, atakula b5, utarudisha kwa askari wa c, na malkia wake atakwenda f3 kuitazama ngome ya a8. Utapoteza kete kubwa kwa ajili ya askari mmoja. Ndiyo maana nasema e6 badala ya kula.

Mtego mmoja wa ufunguzi huu nitaueleza kwa furaha, kwa sababu unaitwa Mtego wa Tembo na kwa sababu unaonyesha mtego mzuri ni upi. Baada ya d4 d5, c4 e6, farasi c3 farasi f6, askofu g5, wewe cheza farasi wa b8 hadi d7. Nyeupe anamla d5 kwa askari, unarudisha kwa askari wa e6, naye anadhani askari wa d5 ni wa bure kwa sababu farasi wako wa f6 amebanwa na askofu wa g5: akiondoka, malkia wa d8 ataliwa. Anamla kwa farasi. Wewe unamla farasi huyo kwa farasi wa f6, unamwacha malkia aliwe, kisha unacheza askofu b4 kwa cheki. Nyeupe hana njia ila kumziba kwa malkia d2, unamla kwa cheki, mfalme wake anarudisha, nawe unamla askofu aliyeko d8. Umebaki na farasi zaidi dhidi ya askari mmoja. Mpinzani asipoingia, hujapoteza kitu, kwa maana farasi d7 ni hatua nzuri yenyewe.

6. Kipimo cha kukataa

Tumia kipimo hicho kwa kila mtego utakaouona kwenye simu: je, mpinzani asipoingia, kete zangu zitakuwa mahali pazuri? Kuna vijana wanaojibu d4 kwa e5, wanamtoa askari huyo, kisha wanamleta malkia e7, b4 na hatimaye kumla askari wa b2 baada ya Nyeupe kuzuia cheki kwa askofu d2. Nyeupe akicheza askofu c3 ananaswa vibaya. Akicheza farasi c3, malkia wako yuko peke yake ndani ya kambi ya adui na karibu kete zako zote bado zimelala. Kijana hushinda michezo mitano namna hiyo, huenda mashindanoni Kakamega au Nakuru, hukutana na mtu aliyekwisha kuuona mtego, na hurudi nyumbani akidai kwamba kete nyeusi zilikuwa na kisirani.

Siwacheki, kwa maana nami niliwahi kupotea, ingawa kwa njia yenye heshima zaidi. Nilikariri tawi la Kisisilia lenye jina la Miguel Najdorf, hatua kumi na nne kwa kila upande, nikiwa kwenye matatu kutoka Nakuru hadi Kisumu, na kesho yake nikaketi mbele ya mvulana wa shule ya msingi. Alicheza e4, nikajibu c5, naye badala ya farasi f3 na d4 akaleta askofu c4 katika hatua ya pili. Si hatua kali hata kidogo, na e6 ingemfanya askofu yule agonge ukuta. Lakini nilikuwa nimekariri hatua bila sababu zake, nikaendelea na mpangilio wangu kana kwamba yeye hayupo, na kufikia hatua ya kumi na tisa nilikuwa nampa mkono wa kukubali kushindwa. Kisisilia ni ufunguzi mkubwa na nauheshimu. Ninaukataza kwa mwaka wa kwanza kwa sababu matawi yake ni mengi mno kwa mtu ambaye bado hajui kwa nini kete hutoka.

7. Cheza michezo thelathini bila kubadilisha

Ukishachagua, andika kila ufunguzi kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na kando ya kila hatua andika sababu yake kwa Kiswahili chako au hata kwa lugha ya nyumbani. Hatua isiyo na sababu iwekee alama na uulize mtu. Kisha cheza michezo thelathini, na baada ya kila mmoja linganisha ulivyocheza na ukurasa wako, uone nani aliacha njia kwanza, wewe au mpinzani. Ikiwa ni wewe, soma tena. Ikiwa ni yeye, ongeza mstari mmoja tu wa jibu.

Simu inasaidia ikitumiwa kwa kiasi. Lichess, tovuti na programu ya kuchezea sataranji, ni ya bure na haina matangazo, na ina sehemu inayoonyesha hatua ambazo wachezaji wa kiwango chako huzicheza zaidi, jambo ambalo ni la maana kuliko kujua mabingwa wanacheza nini. Injini, yaani programu ya kompyuta ya kuchambua michezo kama Stockfish, itakupa namba ya kuonyesha nani ana faida, na namba hiyo hupimwa kwa askari: ikisema 0.3 kwa faida ya Nyeupe, maana yake ni chini ya theluthi moja ya askari. Wachezaji wanaoachiana farasi kila mchezo hawana haja ya kugombana juu ya theluthi ya askari. Iulize injini swali moja tu baada ya mchezo, yaani wapi palipotokea mruko mkubwa wa namba, kisha uifunge na kuhifadhi bando lako.

Baada ya michezo thelathini, tafuta tena zile namba za pembeni. Zikiwa zimehama kutoka 9 kwenda 25, usiguse ufunguzi wako hata ukiwa bado unashindwa, kwa maana sasa unashindwa katikati au mwishoni mwa mchezo, na huko kunahitaji somo lake. Zikiwa hazijasogea, badilisha ufunguzi mmoja tu kwa wakati, usitupe yote matatu kwa hasira ya Jumamosi moja.

8. Siku mpinzani atakapocheza usichokijua

Itatokea, na mara nyingi itatokea katika raundi ya kwanza. Usiguse kete yoyote mara moja, kwa kuwa mashindanoni kete uliyoigusa kwa nia ya kuicheza lazima uicheze. Jiulize kwanza hatua yake inatishia nini, kisha imeacha mraba gani bila ulinzi, kisha ni kete ipi yako bado iko nyumbani. Ikiwa hakuna tishio wala cha kula kwa usalama, mtoe huyo aliyeko nyumbani na uendelee. Kwenye karatasi yako zungushia duara ile hatua iliyokushangaza, na jioni, ukiwa umekula na kupumzika, tafuta jibu lake moja na uliongeze kwenye ukurasa wake katika daftari.